Likasi: Kabla ya kupanda lengalenga, ujue kwanza bulongo yako

Mvua ya kwanza ikigonga bati mwezi wa kumi, Likasi inabadilika. Katika lopango za Kikula, kando ya njia za Panda, nyuma ya nyumba za kambi za zamani za kampuni, watu wanatoa jembe. Kuna wenye kulima toka utoto. Lakini kuna pia mwalimu ambaye mshahara haufiki mwisho wa mwezi, kijana aliyechoka na mashimo ya kuchimba, mjane mwenye watoto wa kulisha. Hawa wanashika jembe kwa mara ya kwanza, na wanafikiri mambo ni rahisi. Lengalenga inaota hata pasipo kupandwa, sivyo? Mutu atatupa mbegu, mvua itafanya kazi, na nyumba itapata mboga ya kula na bukari, pamoja na kidogo ya kuuzisha.

Inawezekana. Wengi wamefaulu. Ila Likasi si Walungu wala Rutshuru. Mwenye kuanza shamba la mboga kule Kivu anauliza kwanza habari ya mbegu, mvua na mteremko. Mwenye kuanza Likasi ana swali lingine la kutangulia hayo yote: hii bulongo ina nini ndani?

Muji uliojengwa juu ya madini

Kwa wasikilizaji walio mbali, Likasi iko kilometa kama 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, kwenye barabara ya taifa namba 1 inayoendelea mpaka Kolwezi. Wakati wa ukoloni iliitwa Jadotville, na jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Ina komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Hili jina la mwisho ndilo linajulikana na kila mutu aliyewahi kusikia habari ya Gécamines, maana huko Shituru kiwanda cha kusafisha shaba kilianza kazi mwaka 1929, na moshi na mayi yake vimepita katika muji huu miaka karibu mia moja.

Kwa muda mrefu kampuni ndiyo iliyolisha watu. Mfanyakazi alipata mshahara, alipata bunga, watoto walisoma, hospitali ilikuwepo. Miaka ya 1990 mambo yakaanguka. Mwaka 2003 na 2004, katika mpango ulioitwa kwa Kifaransa départs volontaires, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Familia nyingi ziligeukia jembe wakati ule, na hazikuliacha tena. Hata FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, liliiweka Likasi kati ya miji mitano ya Kongo ambamo lilisaidia wakulima wa mboga wa mjini, pamoja na Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Mwaka 2010 shirika hilo lilisema kwamba bustani za miji hiyo mitano zilikuwa zinatoa tani 330,000 za mboga kwa mwaka. Kwa hiyo anayeanza leo haanzi jambo la ajabu. Anaingia katika kazi ambayo imeshika muji huu usianguke.

Mambo ambayo macho hayaoni

Mutu anaweza kusema: bulongo yangu iko muzuri, majani yanatoka kijani, tatizo liko wapi? Hapa ndipo wengi wanadanganyika, na inafaa kueleza polepole.

Shaba ikizidi katika bulongo, mmea wenyewe unaumia. Majani yanageuka manjano, mizizi inakuwa mifupi na minene, mche unabaki mdogo, halafu unakufa. Yaani shaba inajitangaza, na mara nyingi inaua mboga kabla mboga haijafika kwenye sahani. Lakini shaba haitembei peke yake. Inaambatana na kobalti, na fasi nyingine kuna risasi, kadimiamu, hata urani. Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani inayojulikana dunia nzima, hauko mbali na Likasi. Kadimiamu ni tofauti na shaba. Mboga inaweza kuifyonza na kuijaza katika majani, na bado ikaonekana nzuri, ya kijani, ya kuvutia wateja. Hakuna ladha, hakuna harufu.

Hayo si maneno ya kutisha watu tu. Mwaka 2009, watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa chini ya kilometa 3 toka mgodi au kiwanda cha madini walikuwa na kobalti, risasi, kadimiamu na urani kuliko waliokaa mbali zaidi, na watoto ndio waliokuwa na kobalti nyingi zaidi. Kiasi hicho cha kobalti kilikuwa kati ya vikubwa kabisa vilivyowahi kuandikwa duniani kwa watu wa kawaida, wasiofanya kazi kiwandani. Baadaye, mwaka 2014, utafiti mwingine ulifuata njia ambazo kobalti inapita kuingia mwilini. Kwa watu wazima, chakula kilikuwa mlango mkubwa, na mboga zilizolimwa hapo hapo zilikuwa na sehemu kubwa. Kwa watoto, vumbi nalo lilihesabika, maana mtoto anacheza chini na mikono inaenda mdomoni.

Je, basi watu waache kula mboga? Hapana. Lengalenga, sombe na matembele ndizo zinazoleta chuma na vitamini katika nyumba ambazo nyama inaonekana kwa sikukuu tu. Mtoto asiyekula mboga anaumia haraka kuliko yule anayekula mboga yenye kobalti kidogo. Kazi ya mwenye kuanza shamba ni kupunguza hatari, na mambo mengi ya kuipunguza yanagharimu jasho kuliko pesa.

Kuchagua fasi

Jambo la kwanza ni historia ya kiwanja. Kabla ya kulipa hata franka moja ya kukodi, muulize mzee wa karitye: zamani hapa palikuwa nini? Kama jibu ni kwamba palimwagwa mabaki ya kiwanda, au watu walikuwa wanaosha mawe ya madini hapo, au lori zilikuwa zinapakua, heshimu jibu hilo na utafute pengine. Lopango ambamo watu waliwahi kuhifadhi mifuko ya madini inaonekana kama lopango nyingine yoyote. Vumbi iliyobaki haiondoki kwa mvua mbili.

La pili, angalia kinachoota penyewe. Msitu wa Katanga, miombo, hauoti juu ya vilima vya shaba. Pale unakuta nyasi fupi na maua machache yaliyozoea sumu hiyo. Moja linaitwa kwa Kifaransa fleur de cuivre, ua la shaba, na wanasayansi wanaliita Haumaniastrum katangense. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamelitumia kutambua fasi ambazo mababu waliyeyusha shaba karne nyingi zilizopita. Mahali ambapo miti haitaki, majani ya kawaida hayataki, na udongo uko wazi kama kichwa kilichonyolewa, usipande chakula. Kule Lubumbashi, karitye ya Penga-Penga ilibaki na uwanja mtupu wa namna hiyo, kwa sababu moshi wa bomba kubwa la kiwanda ulikuwa unasukumwa upande huo. Wakati wa kiangazi upepo wa Katanga unatoka zaidi kusini-mashariki. Kwa hiyo simama na uulize: kiwanja changu kiko upande gani wa bomba? Kikiwa kaskazini-magharibi yake, na karibu, fikiri mara mbili.

La tatu ni mayi, na hapa kosa ni rahisi. Bonde lenye unyevu, lile ambalo watu wanaliita dembo, linavutia sana mtu anayeanza: bulongo nyeusi, mayi karibu, hata mwezi wa nane mboga inabaki kijani. Lakini bonde linapokea kila kitu kinachoshuka. Mayi ya mto uliopita chini ya kiwanda au chini ya fasi ya kuoshea madini haifai kwa mboga, hata ikionekana safi. Dembo iliyo juu ya viwanda ni mali. Dembo iliyo chini yake ni mtego. Kisima cha lopango, mayi ya mvua yaliyokusanywa kutoka bati safi, au bomba la REGIDESO siku linapotoa, ni bora.

Halafu kuna barabara. Lori za madini zinapita mchana na usiku, na vumbi yake inakaa juu ya majani. Panda nyuma ya nyumba kuliko mbele, na kama kuna uwezo, acha ua wa miti au mahindi kati ya njia na mboga. Vumbi iliyo juu ya jani inaweza kuoshwa, na inafaa kuosha mara mbili, mara tatu, kwa mayi safi. Ile iliyoingia ndani ya jani kupitia mizizi haioshwi.

Karatasi ya kiwanja nayo isisahaulike. Tangu sheria ya mwaka 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya serikali, na pembeni ya Likasi maeneo mengi yako ndani ya vibali vya kampuni za madini. Mutu analima miezi sita, halafu siku moja anakuta mashine imepita juu ya kabichi. Anayekodi aandikishe makubaliano, hata kwenye karatasi ya daftari, na mashahidi wawili na chifu wa karitye. Akilima kwenye kibali cha kampuni, apige picha za shamba na tarehe, ahesabu matuta. Siku ya kudai malipo, mwenye hesabu anasikilizwa kuliko mwenye machozi.

Bulongo ya kichuguu na mawe ya Kakontwe

Bulongo ya kawaida ya huku ni nyekundu, ina asidi, na mvua ya miaka imeosha chakula chake. Asidi ni tatizo mara mbili. Inanyima mboga chakula, na tena inalegeza madini yaliyomo ili yaingie kwenye mizizi. Ukipunguza asidi, madini mengi yanashikamana na udongo na mmea unayachukua kidogo. Kwa hiyo kazi moja inajibu maswali mawili.

Katanga ina zawadi yake: vichuguu. Ni vile vilima vikubwa vya mchwa vinavyopita urefu wa mutu mara mbili, tatu, ambavyo watu wanavibomoa kufyatua matofali. Bulongo yake haina asidi kama ile ya pembeni, ina chokaa na chakula zaidi, na inashika mayi vizuri. Wakulima wa zamani wanajua: mahindi yaliyo juu ya kichuguu yanakuwa marefu kuliko ndugu zao. Kosa la mwenye kuanza ni kuitandaza peke yake. Ni udongo wa mfinyanzi. Ukikauka unakuwa kama sementi. Uvunjwe mpaka uwe laini, halafu uchanganywe na mbolea ya mifugo au komposti, nusu kwa nusu, na majani makavu. Tena uchague kichuguu. Mchwa wanapandisha udongo kutoka chini sana, na kichuguu kilichosimama juu ya kilima cha shaba kinapandisha shaba pia. Tafuta kile kilichozungukwa na miti, mbali na mashimo.

Zawadi ya pili ni jiwe. Pale Kakontwe, karibu kabisa na Likasi, kuna mawe ya chokaa yaliyochimbwa miaka mingi kwa kazi ya viwanda. Jiwe lile lile lililotumika katika kusafisha shaba linaweza kutuliza bulongo ambayo shaba iliiharibu. Unga wa jiwe la chokaa unafanya kazi polepole, umwagwe wiki kadhaa kabla ya kupanda na uchanganywe kwa jembe. Chokaa iliyochomwa, ile kali ya wajenzi, inachoma mikono, macho na mizizi, asiyeizoea aiache. Asiyepata chokaa ana majivu ya makala, na Likasi hakuna nyumba isiyokuwa nayo. Yatoke kwenye mbabula iliyochoma makala au kuni tu. Majivu ya plastiki, ya mbao zilizopakwa rangi au ya taka hapana. Konzi mbili, tatu kwa kila metre mraba zinatosha kwa msimu, zikichanganywa vizuri.

Watafiti wa Lubumbashi walijaribu chokaa na mbolea za asili juu ya bulongo iliyoharibika, wakapanda lengalenga na kabichi ya Kichina. Mboga zilikubali kuota vizuri zaidi. Ila pale ambapo uchafu ulikuwa mwingi sana, madini ndani ya majani hayakushuka siku zote mpaka kiasi kinachokubaliwa. Maana yake iko wazi: chokaa inasaidia bulongo yenye uchafu kidogo, haifufui bulongo iliyokufa.

Kwa bulongo ya mashaka kuna njia mbili. Moja ni kubadilisha mmea. Majani ndiyo yanayokusanya madini zaidi: lengalenga, kabichi ya Kichina, matembele. Mizizi, kama karoti, inagusana na bulongo yenyewe, na inafaa kumenywa. Matunda na mbegu, yaani nyanya, bamia, bilinganya, maharagi, maboga, kwa kawaida hubeba kidogo. Basi mwenye kiwanja cha mashaka apande bamia na nyanya, na lengalenga aitafutie fasi nyingine. Njia ya pili ni mifuko. Chukua mifuko ya bunga au ya mchele, usichukue hata siku moja iliyobeba madini au mbolea ya kiwanda, ujaze bulongo safi iliyochanganywa, uipange juu ya matofali. Mifuko kumi nyuma ya nyumba inaweza kutoa mboga ya nyumba moja mara kadhaa kwa wiki. Watu wanacheka mwanzoni. Baadaye wanauliza mifuko ilinunuliwa wapi.

Matuta mawili, si kumi

Mwanzilishi anajulikana kwa hamu yake. Analima uwanja mzima siku ya kwanza, mgongo unakataa siku ya pili, na wiki ya tatu majani mabaya yanatawala. Hesabu ya mayi inaonyesha kwa nini inafaa kuanza kidogo. Tuta la kawaida lina upana wa metre 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, na urefu wa metre 10. Wakati wa kiangazi, hasa mwezi wa nane na wa tisa jua linapokuwa kali, tuta kama hilo linaomba bidoni mbili mpaka tatu za lita 20 kila siku. Matuta kumi ni bidoni 20 mpaka 30. Nani atazibeba? Mara nyingi ni mama na watoto, kabla ya masomo. Matuta mawili au matatu yanayoangaliwa vizuri yanalisha kuliko kumi yaliyoachwa.

Mbolea ya kuku ni kali na nzuri. Ikiwa mbichi inachoma miche. Ikusanywe, ifunikwe, ilowanishwe kidogo, iachwe wiki nne au zaidi mpaka joto na harufu kali vipungue. Kilo 20 hivi kwa tuta moja la metre 10 ni kipimo cha kuanzia.

Mbegu ya lengalenga ni ndogo kama vumbi, na hapo kosa la pili linatokea: kuizika. Ikifunikwa kwa kidole kizima haitoki. Changanya kijiko cha mbegu na konzi mbili za mchanga mkavu, tupa kwa mistari, funika kwa udongo mwembamba kabisa, mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo, siyo kwa ndoo inayozoa kila kitu. Weka majani makavu juu, uyaondoe mara miche inapochungulia, siku ya nne au ya tano. Sisimizi wanabeba mbegu. Majivu kidogo pembeni ya tuta yanawachelewesha. Miche ikibanana, ng'oa ile ya katikati baada ya wiki mbili, tatu. Hiyo iliyong'olewa ni mboga ya kwanza, na mara nyingi ni tamu kuliko zote.

Lengalenga inang'olewa baada ya wiki tatu au nne, au inakatwa juu ili ichipuke tena. Kabichi ya Kichina inaomba wiki tano, sita. Matembele hayahitaji mbegu: vipande vya mtambaa vyenye vifundo vinne, vitano, viwili ndani ya udongo, basi. Kwa mwenye mashaka na mkono wake, matembele ndiyo mwalimu mpole kuliko wote, kama bulongo ni safi.

Nyanya ni mwalimu mkali. Karibu kila anayeanza anaitamani, kwa sababu bei yake sokoni mwezi wa kwanza na wa pili inapanda sana. Inapanda kwa sababu moja: mvua ya miezi hiyo inaleta ugonjwa wa ukungu, ule unaoitwa mildiou, majani yanapata madoa ya kahawia na shamba zima linaungua ndani ya siku chache. Anayepanda kwa mara ya kwanza apande nyanya mwishoni mwa mvua, mwezi wa tatu au wa nne, ili ikomae katika ukavu. Aifunge kwenye fimbo, akate majani ya chini, amwagilie chini ya shina na siyo juu ya majani. Na asipande nyanya fasi moja na bilinganya au viazi vya kizungu mwaka hadi mwaka, maana magonjwa yao ni ya ukoo mmoja.

Dawa za wadudu zinauzishwa sokoni kwa vichupa visivyo na karatasi. Muuzaji akiulizwa dawa inaitwa nani, anajibu tu ni ya mboga. Hakuna anayeweza kujua ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuvuna. Muji huu una sumu ya kutosha. Kuongeza nyingine juu ya jani litakalokatwa kesho kutwa ni hasara. Kwa vidudu vidogo vinavyojaa chini ya majani, mayi yenye sabuni kidogo asubuhi, mkono wenye subira, na kung'oa mche uliojaa vinatosha kwa matuta mawili.

Kula au kuuzisha?

Mwezi wa kumi na mbili kila lopango iko na lengalenga. Bei inaanguka, mafungu yanakuwa makubwa, na mama mwenye matuta matatu anarudi jioni na mboga iliyonyauka. Wa kuanza asihesabu pesa ya miezi hiyo; ale, agawe kwa majirani, ajifunze. Pesa inatoka mwezi wa sita mpaka wa kumi, mvua ikiwa imekata. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Likasi inachelewesha lengalenga, ambayo inapenda joto, lakini kabichi, karoti na vitunguu vinaipenda baridi hiyo. Kabichi ikipandwa kwenye kitalu mwezi wa nne inafika sokoni mwezi wa nane.

Na wateja wameanza kuuliza. Mboga inatoka wapi, imemwagiliwa na mayi gani? Anayeuzisha na anayejua historia ya kiwanja chake ana jibu la kutoa. Asiyejua anaficha, au anasema imetoka mbali. Ni swali halali, na wanunuzi wa Kikula wana haki ya kuliuliza kila asubuhi, bila hasira, kama wanavyouliza bei.

Jambo moja la mwisho kwa aliyefika mavuno ya kwanza. Usikate lengalenga yote. Acha miche minne au mitano yenye nguvu, ile iliyochelewa kutoa maua, ikomae mpaka kichwa kikauke na mbegu ziwe nyeusi zinazong'aa. Kata vichwa asubuhi, viweke juu ya kitambaa jua likiwaka, vipige kwa fimbo, pepeta kwa upepo mdogo, funga ndani ya chupa kavu na konzi ya majivu. Mwezi wa kumi, mvua itakapogonga bati tena, hakutakuwa na haja ya kununua mbegu.